Maji ya Jumamosi

Jumamosi ya kwanza ya ligi ya mpira wa kikapu, Perpétue alifika uwanjani Keshero, mtaa wa Goma, na mafagio mawili, akampa mwenzake moja, wakaanza kuondoa mchanga mweusi juu ya saruji. Uwanja ule ulijengwa juu ya mawe ya volkano, na hata ukiufagia asubuhi na jioni, mchanga unarudi. Kamishna wa mechi, Papa Ferdinand, alikuwa amekwisha kufika, barakoa kidevuni, akiwapima wachezaji joto kwenye paji la uso kwa kile kidude kinachofanana na bastola. Wote walikuwa wazima. Kisha akauliza iko wapi ndoo ya kunawia mikono.

Ndoo ilikuwepo, nyeupe, yenye robine, bomba dogo la plastiki, imewekwa juu ya kiti kando ya meza ya saa. Papa Ferdinand aliifunua akachungulia ndani. Ilikuwa kavu.

"Protokali inasema ndoo," akasema. "Ndoo iko. Tuanze."

Hakuna aliyemlaumu. Keshero nzima ilikuwa imebandikwa picha za mikono yenye povu, na redio ilikuwa ikiwahimiza watu kutwa wanawe kwa maji yanayotiririka. Maji yenyewe yalikuwa Kituku, ziwani, na aliyeyataka aliteremka na bidoni, dumu la maji, mgongoni, kamba kwenye paji, akapanda nayo. Mama yake Perpétue alikuwa mmoja wao. Alitoka milima ya Masisi wakati wa vita, na hajawahi kuizoea Goma katika jambo hilo. "Kule kwetu mayi ilikuwa inatutafuta sisi," alizoea kusema. "Huku tuko naitafuta, na ziwa iko mbele ya macho." Msimu wa mvua uliopita aliteleza kwenye mawe ya Kituku akaumia nyonga. Daktari alimkataza kubeba vitu vizito, mama akamkubalia, akatoka hospitali, na kesho yake akateremka tena.

Mwamuzi akapuliza filimbi, mpira ukarushwa juu, saa ikaanza kwenda, na robine ikaanza kutoa maji.

Aliyeona wa kwanza ni Mama Christa, jirani yao, aliyekuwa nje ya uzio kwa sababu mashabiki walikatazwa kuingia. Hakupiga kelele. Alikwenda nyumbani akaleta beseni, akaingia, akalikinga. Faulo ilipoitwa na saa ikasimamishwa, maji nayo yakasimama. Mchezo ulipoendelea, yakaendelea. Beseni likajaa, akaleta bidoni. Filimbi ya mwisho ilipolia, timu ya Perpétue, iliyoitwa Radi, ilikuwa imeshinda, na ndoo ilikuwa kavu kama ilivyokuja.

Jumamosi iliyofuata bidoni za manjano zilikuwa zimejipanga kabla hata ya wachezaji kufika. Papa Ferdinand aliziangalia kwa muda mrefu. Sheria ya Corona iliruhusu ndani wachezaji, waamuzi na makocha, basi.

"Sisi tuko bakochi ba Radi," Mama Christa akamwambia.

"Bakochi bote hawa?"

"Kila mwenye bidoni."

Papa Ferdinand alifikiri, akasema kocha anaruhusiwa, ila watu waachane mita moja. Basi msitari ukaachana mita moja, ukatoka mlangoni, ukapinda kwenye duka la makaa, ukafika barabara ya Sake. Bidoni zilitunza umbali kuliko watu.

Watu walijaribu kuielewa ndoo, kama unavyojaribu kumwelewa mkwe. Siku ya Jumanne Mama Christa aliazima filimbi akaipuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, halikutoka tone. Waliibeba ndoo hadi uwanja wa mjini, ambako divisheni ya kwanza ilikuwa inacheza. Ikakaa pale mechi nzima, kavu, ikarudishwa kwa pikipiki. Ilikuwa ya Keshero na ya divisheni ya pili, na haikutaka kubembelezwa. Kwa kuwa ligi ilikuwa imeamua, kwa ajili ya ugonjwa, kwamba mechi zote za kundi lile zichezwe Keshero, kila Jumamosi mtaa ulinawa mikono, ukapika, ukafua. Akina mama walijifunza kuchukia faulo. Mchezaji aliyemsukuma mwenzake alizomewa na msitari mzima, hata kama ni wa Radi.

Shida ilikuja taratibu, na ilimjia Perpétue peke yake. Radi walikuwa wanashinda.

Perpétue aliuza uniti za simu pale njia panda, chini ya mwavuli, na alikuwa ameingia umri ambao wenzake wengi waliacha mpira wakaolewa. Tangu utoto alitaka jambo moja, kucheza divisheni ya kwanza. Kule wachezaji wanapewa viatu. Wanapanda boti kwenda Bukavu, wanalala kwenye vitanda vya hoteli, na jina linatajwa redioni likiwa kamili, la baba na la ubatizo. Msimu huu goti lilikuwa bado linamtii. Msimu ujao hakujua. Lakini timu ikipanda daraja inahamia uwanja wa mjini, na Keshero haikuwa na timu nyingine ya kuibakiza ligi pale. Kupanda kwake kungekausha ndoo. Alilijua hilo, na kila aliyekuwa kwenye msitari alilijua, na hakuna aliyemtamkia. Walimpongeza tu kwa kila ushindi, kwa sauti ndogo, kama watu wanaotoa rambirambi.

"Uko nawaza nini?" mama yake akamuuliza jioni moja, akikanda nyonga kwa mafuta.

"Première division."

Mama akaendelea kukanda. "Uende," akasema. "Mimi Kituku ninaijua." Perpétue aliona hasira ikimpanda, na hakujua anamkasirikia nani. Kama mama angemkataza, angalau angekuwa na mtu wa kubishana naye.

Mechi ya mwisho ilikuwa dhidi ya timu ya Rutshuru. Anayeshinda anapanda. Wasichana wa Rutshuru walifika na vumbi hadi kwenye kope, kwa sababu basi lao dogo lilisimamishwa njiani mara nyingi na watu wenye bunduki, wengine wenye sare na wengine bila. Kapteni wao, Igihozo, alinawa uso kwenye robine mara tu saa ilipoanza kwenda, akarudi kukaba.

Walikwenda sako kwa bako. Msitari ulikuwa mrefu siku hiyo kuliko siku zote, maana wengi walihesabu kuwa ni wa mwisho. Mama yake Perpétue alikuwa mbali nyuma, karibu na duka la makaa, amekalia bidoni yake kupumzisha nyonga. Pointi zikiwa sawasawa na saa ikiwa inaisha, Perpétue aliruka kufunga, akapigwa mkono. Filimbi ikalia pamoja na king'ora cha meza. Saa ilisoma sifuri.

Mwamuzi akampa mitupo miwili ya adhabu. Wengine wote waliondoka chini ya goli, kama sheria inavyotaka, akabaki peke yake mbele ya kikapu. Mtupo mmoja tu ukiingia, Radi wamepanda.

Maji yalikuwa yamesimama. Tone moja lilining'inia kwenye mdomo wa robine, halikuanguka. Perpétue hakukosa mitupo hii mara nyingi; ilikuwa ndiyo sifa yake. Alitupa wa kwanza bila kuwaza, ukazunguka kwenye chuma, ukatoka. Huo ulikosa wenyewe.

Kabla ya kutupa wa pili aligeuka akatazama. Mama yake alikuwa amesimama sasa, ameshika bidoni kwa mikono miwili, na alikuwa anatikisa kichwa, akimwambia asimfikirie. Perpétue alimwona vizuri sana. Akaweka mpira sawa, akapinda goti lile linalomtii, akautupa mrefu, ukagonga ubao juu ya kikapu ukarudi chini ukidunda. Moyo ulimuuma hapohapo, kama jino.

Pointi zilikuwa sawa, na mpira wa kikapu haujui sare. Mwamuzi akaongeza muda. Saa ikaanza kwenda, tone likaanguka, na maji yakafuata.

Igihozo alimkaribia wakikabana. "Ile ya pili ulikosa exprès, kwa kusudi," akasema.

"Ndiyo."

Igihozo aliutazama msitari wa bidoni, akadundisha mpira kidogo. "Kwetu Rutshuru mayi iko. Njia ndiyo haiko. Sawa, tutacheza polepole."

Wakacheza polepole. Rutshuru wakifunga, Radi walifunguliwa njia wakafunga. Hakuna aliyemgusa mwenzake. Walipishana kama wageni harusini, maana faulo ingesimamisha maji. Muda wa nyongeza uliisha sawa, ukaongezwa mwingine, nao ukaisha sawa. Papa Ferdinand alikaa mezani mikono kifuani, akiwakumbusha makocha mita moja. Bidoni ziliingia tupu zikatoka zimejaa. Jua lilikuwa limekwisha kuingia nyuma ya milima wakati mama yake Perpétue alipofika kwenye robine, akajaza, akafunga kizibo, akaondoka bila kugeuka.

Uwanja hauna taa. Ilipofika wakati mpira hauonekani, Papa Ferdinand alisimama akatangaza mechi imevunjika bila mshindi, na kwa hiyo timu zote mbili zinabaki divisheni ya pili. Wasichana wakapeana viwiko, kama ilivyokuwa desturi ya mwaka ule. Perpétue alikwenda kuchukua viatu vyake vya kutembelea na akalia kidogo akiwa ameinama, akivifunga kamba ambazo hazikuwa zimefunguka.

Wiki chache baadaye alifika injinia Havugimana, wa mradi mmoja ambao kwa miaka ulikuwa umeahidi kuileta Keshero bomba la mtaa. Alikuja Jumamosi, mechi ikiendelea. Aliyaonja maji ya ndoo, akayatia kwenye kichupa, akatazama msitari, akaridhika.

"Hii mtaa iko na mayi tayari," akasema. "Na iko safi."

"Siku moja tu kwa wiki," Mama Christa akamjibu. "Na ni mupaka kama banacheza muzuri."

"Mama, iko mitaa haina hata ile siku moja."

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini alisema kwa upole, na alilosema lilikuwa kweli. Bomba lilipelekwa kwenye nyumba za ghorofa kando ya ziwa. Kule bomba lilikuwepo tayari, ila maji yalikuwa yanapanda kwa nguvu ndogo.

Corona ilipita, barakoa zikageuka matambara ya kushikia sufuria, na ligi ikaona vema kuendelea kuchezea Keshero. Radi wamebaki divisheni ya pili. Kila msimu wanakaribia kupanda, na kila msimu linatokea jambo. Goti la Perpétue halimtii tena, kwa hiyo hucheza amelifunga kitambaa, na watu wa mtaani wanampisha njiani na kumwita Mama Mayi, ingawa hana mtoto.

Siku za kazi, kabla ya kufungua mwavuli wake njia panda, hupitia uwanjani peke yake. Hakuna filimbi, hakuna saa. Anasimama kwenye msitari wa adhabu na kutupa, na mpira unaingia. Anaufuata, anarudi, anatupa, unaingia. Ndoo iko juu ya kiti chake, kavu, na nje ya uzio akina mama wanateremka Kituku na bidoni tupu mgongoni.

Jumatatu moja mama yake alikuwa miongoni mwao. Akasimama kwenye uzio, akaona mpira mmoja ukiingia, kisha wa pili.

"Mama, rudi nyumbani," Perpétue akamwambia. "Jumamosi iko karibu."

"Iko karibu," mama akakubali. Akaikaza kamba kwenye paji, akashika njia ya kuteremka ziwani.