Kola Isiyo na Alama

Mama Pasi alinyoosha nguo za watu tangu ujana wake, na fahari yake ilikuwa moja: moto haumtishi. Pasi aliipima kwa kidole chenye mate, chwii, wateja wakikunja nyuso yeye anacheka. Kwa hiyo kansa ilipomkaa kooni, na daktari akasema watamtundikia dripu ya dawa huku mashine ikimpasha joto shingoni, aliona kama kaitwa kazini.

"Kwani kimoja hakitoshi?" aliuliza wifi yake, aliyekuja kumsindikiza yeye na mdomo wake.

"Joto linazilegeza seli za kansa," alisema daktari. "Dawa ikifika inazikuta hoi."

"Si jambo geni hilo, wifi," alisema Mama Pasi, sauti inakwaruza kama bawaba kavu. "Kola yenye kunjo sugu, maji matupu hayainyooshi, pasi tupu inaiunguza. Unanyunyiza, ndipo unakandamiza."

"Haya, leo kola ni wewe."

Muuguzi akamfunga mkanda wa joto shingoni. "Mama, likianza kuchoma, inua mkono. Usinionee haya."

Hakuinua. Dobi gani analia mbele ya pasi? Akatoka na malengelenge. Daktari hakupandisha sauti, alimwambia tu: ngozi ikiungua tena, joto tunaliacha. Tutabaki na dawa peke yake, na ikishindwa, itabidi kisu kipite, kiondoke na sauti yako.

Walipofika mlangoni nyumbani, wifi alisema, "Ukiwa bubu, mimi nitagombana na nani?"

Malengelenge yalipokauka, walirudi. Mashine ikavuma taratibu, dripu ikadondoka, na Mama Pasi akateleza usingizini kama shuka kwenye kamba iliyolegea.

Akajiona katika chumba cha mvuke, kuta zake nguo nyeupe zinazopumua. Matone yalidondoka kutoka vidoleni mwake mwenyewe. Mezani kulikuwa na kola, na kunjo zake zilikimbia huku na huku kama sisimizi waliomwagiwa maji. Alinyunyiza, akakandamiza, zikalala moja moja, kimya. Raha ilioje. Akazidi kukandamiza. Kola ikaanza kuwa njano.

"Ya nani hii?" akajiuliza. Aligeuza ndani kutafuta alama ya uzi, maana kila nguo ya mteja huiwekea alama isije ikapotea. Hakuona uzi. Na nguo isiyo na alama, dukani kwake, ni moja tu: ya dobi mwenyewe.

Akainua pasi.

"Ahsante, mama," alisema muuguzi kutoka mbali, na joto likapungua. Mama Pasi alifumbua macho, akaukuta mkono wake juu, vidole vimejikunja kushika mpini usiokuwepo.

"Dobi kaogopa moto," wifi alinong'ona, akifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Dobi kaokoa nguo. Nyamaza nilale."

Tangu siku hiyo kila lilipomchoma aliinua mkono, na tiba ikaenda mpaka mwisho wake. Uvimbe ukanywea, kisu kikabaki kabatini. Nguvu ya sauti ilirudi, na mikwaruzo yake, na jambo la kwanza alilolifanya nayo ni kumwita wifi yake kutoka uani, kwa nguvu zote, aje aeleze nani kaikunja ile shuka kama chapati.

Wifi alikuja mbio. Mwongo yule, eti alikuwa hakusikia vizuri, akaomba aambiwe tena.