Mahari ya Kengele

Mabinti wa ukoo wetu wakiulizwa mahari huomba msahafu, cherehani, au wakijisikia sana, seti ya makochi. Nasma, binti wa kaka yangu Abubakary, aliomba kengele ya meli. Mimi shangazi yake ndiye niliyetumwa chumbani kumuuliza siku ya posa, na ni mimi niliyepaswa kurudi sebuleni, mbele ya wazee waliovaa kanzu zilizonyooka, nikalitamke jibu hilo bila kucheka. Nilishindwa. Nilicheka mpaka ushungi ukadondoka.

Chanzo kilikuwa mchumba mwenyewe, Seifu. Ni mzamiaji, kazi yake kukagua matumbo ya meli bandarini. Kabla ya posa alikuwa akija dukani kwangu Mtaa wa Mahiwa, ninapouza khanga nikisaidiwa na Nasma, anajifanya anamtafutia mama yake zawadi, kumbe amekuja kumsimulia Nasma habari za meli ya zamani aliyoiona imelala chini ya bahari, na kengele yake ya shaba kubwa kama sufuria ya pilau. Lakini Nasma ni mtoto wa Kariakoo. Huku mtu akikuambia kitambaa ni pamba tupu, unachomoa uzi, unauwasha kiberiti, ukinusa moshi ndipo mnaongea.

“Shangazi, wanaume wana maneno mengi,” aliniambia. “Huyu alete tuone.”

Akaleta. Aliazima boti ya rafiki yake Beno, akazama na kamba, akaivuta kengele juu. Siku ya ndoa tuliivalisha khanga mpya, tukaipandisha kwenye mkokoteni, tukaipitisha mtaa mzima kwa vigelegele mpaka wauza viatu wakatupisha wenyewe, jambo ambalo hawajawahi kulifanyia hata gari la zimamoto. Shehe akafungisha ndoa kwa mahari ya kengele moja. Na mimi nilitamba, sikatai. Kila mteja aliyenunua doti nilimpeleka kwa maharusi Msimbazi akaipige. Watu wakarekodi video, na video ikazunguka Bongo nzima.

Hapo ndipo wenyewe wakaanza kujitokeza. Mzee mmoja wa Upanga alikuja na picha ya babu yake aliyevaa kofia ya baharia, akadai urithi. Tulimpa chai, akaipiga kengele mara moja, akaondoka ameridhika. Beno hakuridhika na chai. Alikwenda mahakama ya mwanzo kumshtaki rafiki yake.

Kesi peke yake isingenisumbua, mimi napenda kesi. Aliyeniharibia raha ni kaka yangu. Alikaa, akafikiri, akapandwa na hofu. “Kama kengele si ya Seifu, Seifu hakutoa mahari,” alisema. “Na kama hakutoa mahari, mwanangu anaishi na nani kule Msimbazi?” Alasiri ile ile akamfuata Nasma, akamrudisha nyumbani na begi lake.

Nasma alilia, na mimi nilimkasirikia kaka yangu kikweli. Mume na mke wakawa wanaongea kupitia dirisha, Nasma juu, Seifu chini barabarani kati ya matenga ya nyanya, wakinyamaza kila kaka yangu anapokohoa. Wapagazi walianza kumletea Seifu kigoda.

Siku ya kesi Kariakoo nzima ilihamia mahakamani. Beno alisimama, amechomekea shati.

“Boti yangu, mafuta yangu. Kwa hiyo kengele yangu, mheshimiwa.”

Hakimu, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, akamtazama. “Ukimwazima jirani ndoo, akaenda kuteka maji kisimani, maji ni yako?”

Beno alifikiri. “Inategemea kisima ni cha nani.”

“Kisima ni cha taifa, mheshimiwa,” ikasema sauti ya nyuma.

Alikuwa dada anayeitwa Klara, ofisa wa Mambo ya Kale, aliyeiona video yetu kama watu wengine wote. Akaeleza kwamba kitu cha kale kama kile, kilicholala baharini tangu enzi za mababu, si cha mwenye boti wala cha aliyezama. Ni mali ya umma, na anayekiona hutakiwa kutoa taarifa, si kukibeba. Seifu akainamisha kichwa. Hakimu akamkemea kidogo, akaitupa hoja ya Beno, akaamuru kengele ikabidhiwe iende makumbusho.

Kaka yangu akanyanyuka. “Mheshimiwa, na ndoa?”

“Ndoa haijaletwa mbele yangu, mzee.”

“Basi naileta.”

Watu walicheka mpaka karani akagonga meza. Hakimu akamwambia hilo akamuulize shehe wake. Shehe alikuwa humo humo, benchi la mwisho, amekuja kufurahi kama sisi. Akatutoa nje kwenye baraza.

“Abubakary, ungeniuliza mapema ungelala usingizi wako,” alisema. “Mahari ikionekana ina mwenyewe, ndoa haivunjiki. Mume anatoa nyingine. Na anayeitaja ni binti, si wewe.”

Seifu haraka haraka akasema atanunua makochi. Hakuna aliyemsikiliza. Kaka yangu akanigeukia. “Maimuna, kamuulize.” Nasma alikuwa amesimama ubavuni mwake, lakini desturi ni desturi. Nikamvuta pembeni.

“Anifundishe kuzamia,” alisema Nasma. Macho yalikuwa bado mekundu kwa kilio. “Kengele nimeshaiona. Nataka kupaona ilipotoka.”

Nikarudi na jibu, na safari hii sikucheka. Shehe alitikisa kichwa kukubali: kumfundisha mke jambo la manufaa ni mahari safi. Kaka yangu aliuliza swali moja tu, kama mwanawe anajua kuogelea. Hajui. Amezaliwa Kariakoo, maji anayoyajua ni ya kwenye ndoo.

Jioni hiyo hiyo alirudi kwa mumewe na begi lake.

Masomo yalianza ufukweni Kigamboni, Nasma amejisitiri kutoka utosini mpaka vifundoni, akinywa maji ya chumvi na kucheka. Alipofuzu tulikwenda naye baharini, kwa boti ya nani kama si Beno, aliyesema kununiana kunamchosha. Seifu alimshika mkewe mkono wakazama. Mimi niling'ang'ania ukingo wa boti nikisoma dua zote ninazozijua na nyingine nikizibuni. Kaka yangu alikaa chini ya mwavuli, hapepesi macho.

Nasma akaibuka, anahema, anacheka, ngumi moja ameifumba juu ya maji.

“Rudisha,” alisema kaka yangu kabla hajaona chochote.

“Baba, ni mchanga tu.”

“Hata mchanga.”

Nasma akafumbua kiganja, ukamwagika wote. Kisha akamshika mumewe mkono wakazama tena, na kaka yangu akaweka mwavuli chini, akainama ukingoni kuyatazama mapovu yao, akicheka peke yake.