Nati ya Baba na Dhoruba ya Jua

Jamani, modeli yangu ya kompyuta imekubali! Nilitoka ofisini mbio hata mkoba nikausahau mezani, mwenzangu nyuma anapiga kelele, "We Bibi Jua, unafukuzwa na nani?" Nafukuzwa na habari, nikamjibu.

Kazi yetu ni kutabiri. Jua likichafuka, usumaku wa dunia unatikisika, na mtikisiko huo unazalisha umeme ardhini. Umeme wenyewe unapanda na waya wa ethi, ule uliozikwa ardhini, unaingia kwenye transfoma na kuipika kimyakimya. Kuipima modeli, tunailisha dhoruba ya zamani tuone kama itasema kilichotokea kweli. Mimi nikailisha siku ile. Siku transfoma ya Baba ilipolipuka, na fundi mwenzake, Baba Mdogo wetu, akafia kwenye moto. Nani angeuliza habari za jua? Baba mwenyewe alisema, "Labda nati sikuikaza." Wakubwa wake wakamwamini, wakamfukuza kazi.

Siku hizi Baba anasahau. Jina langu linampotea, nati haimpotei. Nilitaka ajue kabla kichwa hakijafunga mlango kabisa.

Basi modeli ikachora mstari, ukapanda, ukapanda, kilele chake kwenye kituo cha umeme cha Baba, saa ileile!

Nikamkuta kibarazani, Mama anamkata kucha.

"Shikamoo Baba! Haikuwa wewe! Ni jua!"

"Pumua kwanza," Mama akasema. "Umekuja kama uliyekanyaga siafu."

Nikamweleza Baba, mikono hewani, simu karibu imguse pua. Akautazama ule mstari, weee, akautazama. Macho yakamlowa.

"Kwa hiyo ndugu yangu sikumuua mimi?"

"Hukumuua, Baba."

Akacheka! Kicheko chenyewe nilikuwa nimekisahau. "Mama watoto, umesikia? Binti yako kalishitaki jua, na kesi kashinda!" Tukacheka wote, mimi narukaruka kama mwendawazimu, nikakimbilia jikoni kupika chai ya kusherehekea.

Niliporudi na vikombe, Baba alikuwa anazungusha vidole hewani, taratibu, kama anakaza kitu.

"Binti," akaniita, sauti ya kumwita mgeni. "Unaonekana umesoma wewe. Hivi ile nati niliikaza?"

Mama akainamia kucha, hakuinua uso.

Nikaweka chai chini. Nikachuchumaa mbele yake, nikaiwasha simu upya.

"Shikamoo Baba," nikasema. "Nina habari."