Mtungi wa Mbooni

Skii mbili, mbao za kutelezea kwenye theluji, zilikuwa zimelazwa kifudifudi juu ya viti jikoni, na Teresiah alikuwa akipitisha kidole kwenye mtaro uliozichana. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, mwaka 2014, katika nyumba ya ghorofa ya nne huko Al Barsha, ughaibuni, aliyokaa na wenzake wa kazini. Mgeni mmoja alikuwa amezikwaruza kwenye chuma pale katika mlima wa theluji ulio ndani ya duka kubwa la jirani, alikofanya kazi Teresiah. Zingetupwa, ila sir, mkuu wa chumba cha kukodisha vifaa, alimwambia azichukue pamoja na viatu vya kuzivalia akajaribu kuzitengeneza nyumbani. Zikipona, wangeongea habari za likizo, inshallah.

Hiyo likizo ndiyo iliyokuwa ikimkosesha usingizi. Binti yake, Mumbua, alimwacha kwao Mbooni akinyonya, na sasa alikuwa darasa la kwanza. Kila alipoomba kwenda kumwona aliambiwa asubiri kidogo, na pasipoti yake ilizidi kukaa kwenye kabati la ofisi ya mwajiri huko Oud Metha, ilikofungiwa siku ile ile aliposhuka kwenye ndege.

Mafundi wa skii huziba mtaro kwa plastiki yao maalumu. Teresiah hakuwa nayo, lakini alitoka mahali ambapo beseni likipasuka halitupwi. Hupashwa kisu moto, likazibwa kwa kipande cha ndoo ya zamani. Alikuwa na mtungi wa plastiki wa njano aliosafiri nao ukiwa na asali ya mama yake, na kabla ya asali mtungi huo ulikuwa umechota maji mtoni miaka nenda miaka rudi. Akaukata mkono wa mtungi, akauyeyusha, akaudondoshea mtaroni. Ulipopoa akaupara kwa kisu mpaka ukawa sawa, akapaka nta na kuipitishia pasi aliyoazima kwa Auleria, Mtanzania wa kitanda cha juu. Auleria alitaka kujua kitu kimoja tu, kama nta itamchafulia sare.

Kisha Teresiah akavaa viatu, akazifunga skii na kusimama nazo kibarazani kuzijaribu. Theluji ikatandika njia mbele yake, nyembamba, kuanzia kwenye vigae, ikapita chini ya kamba ya nguo na kuteremka hewani upande wa kusini-magharibi. Alipoangalia kona ya kwanza akaitambua. Ilikuwa kona ya njia ya kwao ya kwenda mtoni. Mazoea yana taabu, na mtungi ule haukujua njia nyingine.

Akapiga kigelegele. Nyumba nzima ikaamka. Mmoja alimletea koti la kazini, mwingine akampa sabuni ampelekee mtoto, na Auleria akamkumbusha kwamba zamu yake inaanza mchana. Bi Kuruthum, mama wa Kizanzibari aliyekaa ghorofa ya chini tangu vijana hao hawajazaliwa, alipanda kulalamika.

"Mwanangu, maji yako yanadondoka barazani kwangu," alisema. Akaitazama ile theluji mpaka inapopotelea. "Kumbe wenda kwenu. Basi ngoja nikutilie halua."

Teresiah aliteremka na halua yake kifuani. Kamera ya barabara kuu ilimmulika kwa mwendo wa kasi. Alivuka jangwa, akavuka bahari, akicheka peke yake njia nzima, na skii zikaja kusimama kwenye mchanga wa mto, kando ya shimo ambamo mtoto wa kike alikuwa akichota maji kwa kikombe na kuyatia mtungini.

"Wewe ni yule mama wa kwa simu?" mtoto aliuliza.

"Ndiye mimi, Mumbua."

"Basi nisaidie kuchota."

Wakachota kwa zamu. Mumbua alikula halua na kumwonyesha pengo la jino. Alimsimulia habari za mwalimu wake, za mbuzi wa nyanya yake, na za jirani aliyeanguka kisimani akatoka na kiatu kimoja. Teresiah hakupata kuwa na furaha kama ile. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na mtungi wa mtoto ulipojaa hadi mdomoni, skii ziligeuka zenyewe. Aliinama kuzifungua, vibanio vikakataa. Kwao mtungi uliojaa hauachwi mtoni, na nyumbani kwa mtungi ule wa njano siku hizi kulikuwa Al Barsha. Zikampandisha mlima polepole, kama mtu aliyebeba mzigo mgongoni, na akawahi zamu.

Sir alizikagua skii, akapangusa mchanga wa mtoni, akasema kazi ni safi. Teresiah, ambaye furaha ilikuwa bado haijamtoka, alimsimulia yote kisha akaulizia likizo. Sir alifikiri kwa upole.

"Si umeshamwona mtoto?" alisema. "Basi likizo umeshaenda. Khalas, yamekwisha."

Kuhusu pasipoti, alisema ipo salama. Lakini hakuwa mtu mbaya, na skii zilikuwa zimeshahesabiwa mbovu, kwa hiyo alimruhusu abaki nazo.

Ijumaa iliyofuata Bi Kuruthum alitandaza taulo barazani kwake mapema, na Teresiah akateremka tena. Mumbua alikuwa pale pale kando ya shimo, lakini safari hii amekuja na mtungi mwingine, mkuukuu, uliotoboka tundu la kidole karibu na kitako. Maji yalikuwa yakimwagika mchangani taratibu kadiri alivyokuwa akiyatia.

"Nyanya alitaka kuuziba," Mumbua alisema. "Nikauficha."

Teresiah, aliyekuwa hajawahi kuona plastiki iliyotoboka asiwaze kisu cha moto, akachukua kikombe na kuanza kuchota.