Kanzu ya Bwana Harusi

Fundi Stefania alibakiwa na siku nne za kuwashonea vijana kumi na mmoja wa Mingoyo mavazi ya mchezo wao wa kuigiza, na vitambaa alivyopewa na kikundi havikutosha hata kumvika kuku. Ndipo mwenye nyumba wake, Bi Moza, alipomhurumia. Mjukuu wake, Mwanaasha, ndiye aliyeigiza bibi harusi, na bibi mtu alikuwa akijisifu mtaa mzima utadhani anaolewa yeye.

"Ingia chumbani, mwanangu," alimwambia. "Mle sandukuni mna khanga kuukuu tele. Chukua uzitakazo."

Khanga kuukuu. Hivyo ndivyo alivyosema, na Stefania alimsikia vizuri sana. Alichukua khanga sita. Chini kabisa akakuta bafta nyeupe pe, mpya, haijapigwa pindo, imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Ilitoa harufu kali, akadhani dawa ya mende. Yeye Mkristo wa Rondo. Kwao maiti huvishwa suti yake nzuri, na hakuna anayejiwekea nguo ya kaburi angali mzima. Na bwana harusi alikuwa bado hana kanzu. Angeweza kuuliza. Bi Moza alikuwa hatua kumi tu, barazani, anachambua mchele. Hakuuliza, kwa sababu aliogopa kuambiwa hapana.

Siku ya kupima, Fakihi, kijana aliyeigiza mzee tajiri wa korosho anayetaka kuoa binti mdogo, aliingiza kichwa kwenye kanzu akakitoa upesi.

"Mama fundi, mbona hii inanukia karafuu maiti? Umemvua nani sanda?"

Wenzake wakaangua kicheko. Stefania naye akacheka. Hapo ndipo alipojua. Na hapo, tuseme ukweli, ndipo lilipoanza kosa lenyewe, maana lile la sandukuni lilikuwa ujinga tu, na tamaa ya fundi aliyeona kitambaa kizuri. Zilibaki siku mbili. Lindi mjini si mbali, maduka ya vitambaa yapo, bodaboda zipo. Angeweza kumwangukia Bi Moza miguuni, kisha akatafute bafta nyingine. Badala yake aliifua ile kanzu kwa sabuni ya unga, akaipiga pasi, akainyunyizia manukato.

Mchezo ulifana. Bwana harusi alianguka kifudifudi vumbini, akamwagiwa soda nyekundu kifuani, akakokotwa nje na wakwe zake kanzu ikifagia uwanja. Bi Moza, aliyewekewa kiti mbele kabisa, alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa khanga. Stefania alikuwa nyuma ya pazia na hakuweza kutazama.

Kesho yake alikwenda Lindi, akanunua bafta kama ile na karafuu maiti, akangoja Bi Moza aingie kuoga, akaviweka mahali pale pale. Alijiambia yamekwisha, nguo ni nguo. Lakini kila asubuhi alipotoa shikamoo na kuitikiwa "marahaba, mwanangu," alipita upesi bila kumtazama usoni.

Wiki ya tatu Bi Moza alimwita chumbani, akamketisha kitandani.

"Wanangu wote wako Dar," alisema. "Siku yangu ikifika, wewe ndiye utakayenikuta. Sanda yangu imo mle sandukuni, chini. Marehemu mume wangu, Haruna, aliitoa Makka alipokwenda kuhiji. Akaiosha mwenyewe kwa maji ya zamzam, na mwaka uleule akafariki. Watu wa msibani wana haraka, watakimbilia dukani. Usiwakubalie wakaninunulia nyingine. Umesikia?"

Stefania angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, na bibi wa watu angekufa na furaha yake. Alifungua mdomo alitamke, likagoma.

"Iliyomo ni ya dukani, bibi," alisema. "Yako niliikata mimi. Ndiyo kanzu aliyovaa Fakihi."

Bi Moza alimtazama kama hajasikia.

"Ile ya bwana harusi?"

"Ndiyo, bibi."

"Iliyomwagiwa soda?"

"Ndiyo. Na nilikuwa nimeshajua ni nini, nikanyamaza. Nisamehe, bibi yangu."

Stefania aliteremka kitandani akapiga magoti. Alikuwa tayari kutukanwa, kufukuzwa siku ileile, kuitwa mwizi mbele ya majirani. Alivitaka vyote hivyo, angalau vimpunguzie. Bi Moza hakumpa hata kimoja. Aliweka viganja juu ya mapaja, akitazama ukuta.

"Haruna aliikunja kwa mikono yake," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayejisemea peke yake. "Na mimi nilikaa kiti cha mbele, nikaicheka."