Kikundi Kisicho na Sala

Siku Marva Teague alipogonga ng'ombe wa jirani yake, jua lilikuwa utosini na yeye alikuwa amelewa tangu asubuhi. Gari lake lilipasua uzio wa seng'enge, likamvunja ng'ombe mgongo, likaishia mtaroni. Jirani alipofika mbio, Marva alimwambia ng'ombe ndiye aliyekatiza barabara. Maskini mnyama alikuwa amelala ndani kabisa ya shamba, hatua thelathini kutoka barabarani.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Marva ilikuwa imekwenda miaka kumi na sita. Alikuwa fundi wa mashine za kuvunia ngano katika mji mdogo wa Tolliver, Kansas, na hapakuwa na mkulima asiyemjua. Alijua kuficha wiski ndani ya chupa ya chai. Alijua kusema mkono unatetemeka kwa baridi, hata mwezi wa saba, ambao kule ni wa joto kali. Mumewe alichoka akaondoka. Marva akawaambia watu ni kazi iliyomhamisha. Ng'ombe yule alipokufa mbele ya macho yake, ndipo Marva naye alipochoka.

Jaji Renfro, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, alimwachia leseni kwa masharti. Gari lifungwe kifaa cha kupima pumzi, asipopuliza pumzi isiyo na pombe, haliwaki. Na kwa mwaka mzima ahudhurie mkutano wa walevi wanaoacha, mara mbili kwa wiki, kadi yake itiwe sahihi kila mara.

Tolliver ulikuwa na kikundi kimoja tu cha namna hiyo. Kilikutana chini ya kanisa, katika ukumbi uleule ambamo Marva alifundishwa nyimbo za Jumapili akiwa mtoto. Alikuwa hajakanyaga pale tangu ana miaka kumi na tisa. Hakuwa amegombana na Mungu wala kumzira. Siku moja tu alijitazama ndani, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, akakuta mfuko mtupu. Tangu hapo hakuamini, na hakulifanyia jambo hilo kelele.

Watu wa kikundi walikuwa wema, hilo hakuwahi kulikana. Walimpa kahawa, wakamwita kwa jina. Lakini walipofika mwisho walisimama wakashikana mikono wakasali, na Marva alisimama katikati yao mdomo umefumbwa, akajiona kama mtu aliyevaa nguo za mwenzake.

Mzee Orval Skaggs aliliona hilo. Alikuwa na miaka sabini na miwili, na ishirini na tisa kati ya hiyo hakuwa ameonja tone. Alimfuata Marva nje walikoegesha magari.

"Binti, mbona unajitesa? Kitabu cha kikundi kinasema Mungu vyovyote umwonavyo. Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa na hasira naye, basi nikawa nakiomba kitasa cha mlango badala yake."

"Kikakujibu?"

"Kilifunguka."

Wakacheka wote wawili. Kisha Marva akasema, "Mzee Orval, pombe ilinifundisha kitu kimoja tu, kusema uongo. Nikilewa nadanganya, nikidanganya nalewa. Sasa mnaniambia dawa yangu ianze na uongo mwingine, ati kwa sababu huu ni mtakatifu?"

Mzee alikuna kidevu. "Hapo umenibana," alisema. "Lakini usiache kuja."

Hakuacha. Alikwenda wiki sita. Wiki ya sita zamu yake ilifika ya kusema mbele ya wote kwamba ameyaweka maisha yake mikononi mwa Mungu. Marva akasimama, akasema hawezi, kwa kuwa si kweli. Mwanamke mmoja wa safu ya nyuma akasema, "Basi rudi kwenye chupa yako, labda yenyewe itakuombea."

Alitoka pale akaendesha moja kwa moja hadi duka la pombe lililo karibu na reli. Ilikuwa saa kumi jioni. Alikaa ndani ya gari, mikono kwenye usukani, akitazama mlango ukifunguka na kufungwa. Akaijua safari nzima kabla hajaianza: chupa, chai, baridi ya mwezi wa saba. Akajisemea kwa sauti, "Sirudi kule, na hapa siingii. Patakuwepo pa tatu." Akakipulizia kile kifaa, gari likawaka, akaenda maktaba ya mji, akamwomba mkutubi amwonyeshe kompyuta iliko.

Pa tatu palikuwepo. Kikundi cha watu wanaoacha pombe pasipo sala wala Mungu kilikutana kila Jumamosi katika maktaba moja ya Wichita, mwendo wa maili tisini. Tena walikuwa na mkutano mwingine kwa simu, siku za Jumatano.

Mama yake, Bi Idella, alipoambiwa, aliacha kukanda unga.

"Maili tisini! Na kanisa hili hapa, hata mate hayajakauka umeshafika."

"Najua, mama."

"Watu watauliza kwa nini."

"Waambie."

Bi Idella akajifuta mikono kwa aproni, asimtazame. Mama huyu aliweza kusema dukani, mbele ya foleni, kwamba binti yake ni mlevi, na watu wakampa pole. Lakini hakupata kusema kwamba binti yake haamini Mungu. "Ulevi ni ugonjwa, mwanangu," alisema. "Hilo lako lingine nitaliitaje?"

"Liite la kwangu, mama. Mimi sikulazimishi uache kusali. Nawe nikubalie niache pombe kwa akili niliyo nayo."

Mama akarudi kwenye unga, akaukanda kwa nguvu kuliko ulivyohitaji.

Kwa jaji Marva alikwenda peke yake, bila wakili, na barua aliyoiandika mara nne. Jaji Renfro aliisoma, akavua miwani.

"Bi Teague, unatafuta mkutano mwepesi?"

"Mheshimiwa, wa hapa ni dakika tano kutoka kwangu. Ninaoutafuta ni saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi. Kama ningetaka wepesi ningefumba macho nikasema amina."

Jaji akainamisha kichwa kuficha tabasamu. "Mahakama haiwezi kumlazimisha mtu kusali," alisema. "Lakini inaweza kumlazimisha aende. Jumamosi na Jumatano. Ukikosa moja, tutaonana."

Marva hakukosa hata moja. Pale Wichita aliwakuta watu tisa kwenye viti vya plastiki, na mwongozaji wao, Tobias Lindqvist, mwalimu wa hesabu mwenye sauti nyororo. Hawakumuuliza anaamini nini. Walimuuliza hamu inamjia saa ngapi, akiwa wapi, na nani, na ameshika nini mkononi. Alijibu saa kumi jioni, kazi ikiisha, karakana ikiwa kimya. Basi wakakaa wakalitazama jambo hilo kama mafundi wanavyoitazama injini inayozima. Mmoja alisema abadilishe njia ya kurudi nyumbani. Mwingine akampa namba yake ya simu, akamwambia ampigie saa kumi kila siku, hata kama hana la kusema. Marva alimpigia siku arobaini mfululizo. Siku nyingine waliongea habari za nyanya tu.

Mara moja alianguka. Mkulima alimpa bia mwisho wa mavuno, akaipokea, akainywa yote. Jumamosi akaisema mbele ya wote kabla hajaketi. Tobias akasema, "Umekunywa moja, umesema moja. Zamani ungesema ngapi?"

"Ningesema sikwenda mavunoni."

Majira ya kipupwe theluji ilifunga barabara mara mbili, akahudhuria kwa simu. Hapo akaanza kufikiri: kama yeye aliendesha maili tisini, hapa Tolliver wamo wangapi wasioweza? Akamwomba mkuu wa kikosi cha zimamoto chumba cha mikutano kila Alhamisi, saa kumi na mbili jioni. Akabandika karatasi maktaba, duka la vipuri na zahanati: Kuacha pombe, bila sala, karibu yeyote.

Alhamisi ya kwanza hakuja mtu. Ya pili pia. Karatasi ya duka la vipuri ilichanwa; akabandika nyingine. Alhamisi ya tatu alikuwa anakunja viti pale mlango ulipofunguliwa, akaingia Mzee Orval, kofia mkononi.

"Mzee, umepotea. Wewe unaamini."

"Naamini sana. Lakini na Mungu tunaonana Jumanne na Jumapili. Leo nimekuja kukaa na wewe. Kikundi cha mtu mmoja si kikundi, ni upweke wenye saa maalumu."

Marva akakunjua kiti. Wakaongea saa nzima, mzee akaeleza mambo ya ulevi wake ambayo kule chini ya kanisa hakuwahi kuyagusa. Akaja tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Watu walipoona gari lake limeegeshwa pale, hofu iliwapungua. Akaja muuguzi wa zahanati, Corrine Voth, ambaye alikiri amepita mlangoni mara tatu bila kuthubutu kushuka. Wakaja ndugu wawili wafugaji. Mmoja alikuwa mtu wa sala, mwingine hapana, na hawakugombana.

Mwaka ulipotimia, Jaji Renfro alifunga faili, akamwambia Marva yuko huru, halazimiki tena kwenda popote.

"Asante, Mheshimiwa," alisema Marva. "Ila leo ni Alhamisi, na viti havijipangi."

Alipofika kituo cha zimamoto alimkuta Bi Idella amesimama mlangoni, amebeba pai ya tufaha iliyofunikwa kitambaa.

"Siingii," mama alisema upesi. "Nimeleta hii tu. Mnakula, au hilo nalo hamliamini?"

"Tunakula, mama."

"Haya. Dukani wameniuliza wewe siku hizi unasali wapi. Nimewaambia hasali. Nimewaambia, lakini hanywi."

Akamkabidhi pai, akashuka ngazi taratibu, akiushika ukingo wake kwa mkono mmoja. Marva akaingia ndani. Walikuwa saba siku hiyo, na kulikuwa na visahani sita tu, kwa hiyo yeye akala sehemu yake juu ya kitambaa cha mama.