Mtaje, Mtoto Atoke

Mimi Justa ndiye niliyemshika Stefania mgongo tangu asubuhi, kwa hiyo asije mtu akanisimulia. Ni mtoto wa marehemu dada yangu, nilimlea mwenyewe huko Bungu milimani, kadogo, nyonga nyembamba. Akaolewa Korogwe, kambi ya mkonge, na Bonaventura, jitu la kuinama mlangoni. Nyumba ile huzaa majitu. Kofia za dukani haziwaingii, yeye wala mdogo wake Kasmiri. Mama yao, Grasiana, alikuwa akijisifu kisimani kwamba wanawe hao nusura wampasue wakati wa kuzaliwa.

Siku ya uchungu wa Stefania akasahau yote. Mwanamke yule! Mtoto amekwama, mimi nasema tumpeleke hospitali, yeye kaziba mlango kwa matako yake.

"Mtoto hakwami bure," akasema. "Umetoka nje ya ndoa. Mtaje huyo mwanamume, mtoto atoke."

"Mama, sina mwingine."

"Basi utakufa naye tumboni."

"Mtoto ni mkubwa kama baba yake!" nikapiga kelele. "Mbona wewe mwenyewe..." Akanisukuma, nikaangukia kuni. Nje ya mlango alikuwa ameketi Bonaventura. Mama yake ndiye aliyemweka hapo, asikie.

Jua lilipofika utosini Stefania hakuwa na sauti tena. Aliomba maji. Grasiana kikombe anacho mkononi, hampi.

"Mtaje, unywe."

Stefania akamtazama. "Kasmiri," akasema.

Baadaye aliniambia alimchagua huyo makusudi, kitinda mimba, mboni ya jicho la Grasiana. Alidhani kwa jina hilo mama mkwe atafyata ulimi yaishe. Na kweli Grasiana alifyata, hata kikombe kilimdondoka. Lakini Bonaventura alikwishasikia.

Nikambana tumbo, nikavuta, mtoto akatoka. Lo! Dume zito, kichwa kama boga. Grasiana akamnyakua, akatoka naye mbio.

"Bona, tazama! Kichwa chako hiki! Ni damu yetu, mwanangu. Nilimlazimisha tu aseme!"

"Hata Kasmiri ana kichwa hicho," akasema Bonaventura. "Jina ulilitaka mwenyewe, mama."

Akachukua panga, akashika njia ya Kilole, kwa mdogo wake. Kasmiri akamfurahia kaka yake, akamwekea kiti. Alikufa bila kujua kosa lake. Na serikali ya Mwingereza ikamnyonga Bonaventura.

Nilirudi Bungu na Stefania na mtoto wake. Mtoto akakua upesi, akawapita wenzake wote, kila nguo tukimshonea inambana kabla haijachakaa. Alipoanza kuchunga mbuzi, siku moja Grasiana akapanda mlima kwa miguu. Alikuwa amekonda, midomo imempasuka kwa jua.

"Nimekuja kumwona mjukuu wangu," akasema. "Sina mtu mwingine duniani. Nipeni na maji, wanangu."

Nikamwonea huruma, Mungu anisamehe. Stefania akachota maji, akaja nayo, akasimama katikati ya mlango.

"Mjukuu wako kwa mwana yupi, mama?" akamwuliza. "Mtaje, unywe."

Grasiana akafungua mdomo, jina halikutoka. Stefania akamwaga maji chini, akafunga mlango.